Uzi Mwekundu Kwenye Kikombe

Chai ya saa nne ilipofika, mafundi wa karakana ya sare walizima cherehani wakavamia sinia. Hapo hakuna kikombe chenye mwenyewe. Unachokiwahi ndicho chako. Lakini leo kimoja kilikuwa na uzi mwekundu kwenye kishikio.

"Hicho ni cha mdogo wako," msimamizi alimwambia Fundi Vifungo, dada aliyeshona vifungo. "Na Jumamosi ndiyo mwisho wake hapa. Kifafa chake kitatumaliza."

Fundi Vifungo alimkazia macho. Juzi mdogo wake alianguka kando ya cherehani. Walipoona povu, wenzake walitimua mbio. Aliyebaki alimtia kijiko mdomoni, akamvunja jino. Sasa mdogo wake, maskini, alikuwa ameinamia kitambaa, anashona huku analia.

"Umejuaje kwamba kinaambukiza?"

"Kila mtu anajua!"

"Kila mtu ndiye nani? Nimelala naye kitanda kimoja tangu utotoni. Mbona mimi sianguki?"

Muuguzi aliyekuja kuchukua sare za zahanati alitua mzigo wake.

"Dada kauliza vizuri," alisema. "Kifafa ni hitilafu ya ubongo. Hakiambukizi kwa mate, kwa povu wala kwa kikombe. Dawa zipo. Wengi wanazimeza na kazi wanafanya."

"Akianguka tena je?" aliuliza yule wa kijiko, kichwa chini.

"Ondoeni vitu vya kumuumiza. Mwekeeni nguo laini chini ya kichwa. Msimkandamize, msimtie kitu mdomoni. Akitulia, mlazeni kwa ubavu. Zikipita dakika tano hajatulia, mpelekeni hospitali haraka. Na msimkimbie. Ni mtu, anahitaji watu."

"Mimi bado naogopa," msimamizi alisema.

"Ogopa tu, bosi," Fundi Vifungo alimjibu. "Ila usimfukuze mtu kwa woga wako."

Akakinyakua kikombe chenye uzi, akanywa chai yote mbele yake.

Kesho yake alimpeleka mdogo wake kliniki, ambako alianzishiwa dawa.

Jumamosi sinia lilikuja. Kila kikombe kilikuwa na uzi mwekundu.

"Nani kafanya hivi?" msimamizi alifoka. "Cha mgonjwa ni kipi?"

Mafundi wote waliendelea kunywa. Kikombe kimoja tu kilibaki.

Mdogo mtu akainua uso. "Kunywa, bosi. Chai inapoa."

Msimamizi alikitazama kikombe, akawatazama mafundi. Akanywa.

Jumatatu mdogo mtu alikuwa kwenye cherehani yake, anashona.