Safari Isiyotoka Mbinga

Kila jioni vyombo vilipokwisha kuoshwa, Aurelia aliifuta meza kwa kitambaa kikavu na baba yake akatandaza ramani. Ilikuwa ramani kubwa ya Tanzania, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Baba yake, Romanus, alikuwa afisa ardhi hapa Mbinga, mtu wa ramani kazini na nyumbani. Aliweka vikombe kwenye pembe ili karatasi isijikunje, kisha akasema, "Haya, msaidizi wa dereva, tupitishe."

Aurelia, aliyekuwa darasa la sita, alipeleka kidole taratibu. "Mbinga, Songea, Njombe, Makambako, Iringa. Hapo tunalala. Halafu Dodoma, Kondoa, Babati. Tunalala tena. Halafu Karatu, tunapanda Ngorongoro, tunaingia Serengeti."

"Simba wako wapi?" aliuliza Victor, mdogo wake wa miaka minane, huku amepiga magoti juu ya kiti.

"Hapa pote." Baba aligusa sehemu pana ya kijani huko juu kaskazini. "Kuanzia hapa hamtaona duka wala shamba. Ni nyika tupu na barabara ya vumbi katikati. Mwezi wa sita nyumbu wanakuwa njiani, wengi hata gari linasimama kuwapisha."

"Na choo je, Baba Aurelia?" mama aliuliza bila kuinua macho kwenye cherehani yake. "Hao simba wanatupisha na sisi?"

Wote walicheka. Siku zile walicheka kwa jambo lolote lililohusu safari.

Ng'ambo ya ile nyika ya kijani kulikuwa na mji wa Mugumu, na Mugumu ndiko alikokuwa Bibi Vitalia, mama yake baba. Baba alihamishiwa Ruvuma akiwa kijana, akamwoa mama, Albina, binti wa Kimatengo kutoka Litembo, na tangu hapo kila likizo ilimezwa na jambo fulani. Bibi aliwajua wajukuu zake kwa sauti tu. Alipiga simu Jumapili baada ya misa na kila mara alimtaka Victor.

"Jogoo wako yupo," alimwambia. "Pasaka wamenisihi nimchinje, nimekataa. Nimesema huyu ana mwenyewe. Mje wakati macho yangu bado yanaona."

Gari lilikuwa la mjomba Florian, kaka yake mama, mkulima wa kahawa kule Mkumbi. Alikubali kulitoa na kuliendesha mwenyewe, kwa sharti moja. "Shemeji, twende mwanzoni mwa Juni, shule zikifungwa tu. Kahawa ikianza kuiva kwa wingi, gari langu ni la magunia. Tukikosa hapo, tuseme mwakani."

Kwa hiyo kila mtu alipewa kazi. Mama alishona mifuko ya nguo. Baba alitafuta hema na madumu ya maji. Aurelia alikabidhiwa sanduku la dawa: bandeji, dawa ya vidonda, chumvichumvi za kuzuia kuishiwa maji mwilini na vidonge vya panado. Alilipanga na kulipangua mara nyingi, kwa fahari.

Jioni moja baba aliikunja ramani, uso wake hauna mzaha. "Sikilizeni. Kule porini hakuna hospitali ya jirani. Mtu akiugua kabla hatujaondoka, safari imekufa. Tunaelewana?"

"Ndiyo, baba," watoto walijibu.

Kabla shule hazijafungwa, mjomba Florian alitaka kulijaribu gari kwenye miteremko na kona. Jumamosi wakashuka wote hadi Mbamba Bay, wakalala kwenye hema ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Gari halikuwa na tatizo. Watoto nao walifurahi mno. Walitoka kwenye baridi ya Mbinga wakakuta joto, mchanga laini na samaki wabichi. Mama aliwaagiza wafunge zipu ya wavu wa hema. Lakini waliiacha wazi ili waangalie taa za wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hilo, zikimetameta majini, na usingizi ukawachukua hivyo hivyo. Asubuhi miguu ya Victor ilikuwa na vipele vya mbu.

Shule zikafungwa. Siku ya kuondoka ilipokaribia, Aurelia alimkuta Victor nyuma ya jiko, amejikunyata juani ndani ya kitenge cha mama, meno yakigongana.

"Una nini?"

"Kichwa, dada. Na baridi."

Juni ni mwezi wa baridi Mbinga. Watu wengi walijifunika. Lakini Aurelia alipomgusa shingo aliondoa mkono upesi. Shingo ilikuwa ya moto. Alijua la kufanya. Walifundishwa shuleni, na hata Victor mwenyewe angeweza kulisema: mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo.

"Nimwambie mama?" Victor aliuliza.

Aurelia alitazama nyumbani. Mlangoni palikuwa na madumu mapya, na mifuko ya nguo tayari imefungwa. Alisikia maneno ya baba kana kwamba yanasemwa tena: safari imekufa.

"Ukimwambia, hatuendi," alisema. "Mjomba atachukua gari lake. Unataka jogoo wako aliwe na watu wengine?"

Victor alitikisa kichwa, machozi yakimlenga.

"Basi nyamaza. Nitakupa dawa."

Alifungua sanduku, akamgawia panado. Baada ya muda Victor alitoka jasho, homa ikashuka, akaenda kucheza. Aurelia akajiambia kuwa yalikuwa mafua tu. Jioni homa ilirudi, akampa tena. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa yake. Mama alipomgusa mtoto paji la uso, dawa ilikuwa imeshafanya kazi, naye alikuta paji limepoa.

"Mbona hajala ugali wake?" mama aliuliza.

"Amechoka, mama. Tumecheza mpira sana," Aurelia alijibu. Alishangaa jinsi uongo ulivyotoka kwa urahisi. Mama alikuwa na sare za watu za kumalizia kabla ya safari. Alirudi kwenye cherehani.

Jioni ya kuamkia safari, bibi alipiga simu. "Nimefagia uwanja," alisema. "Nimeomba majirani wanisogezee kitanda cha wageni." Victor alisema "Shikamoo, bibi" kwa sauti ndogo, akamrudishia baba simu na kwenda kulala.

Mjomba Florian alifika alfajiri. Walipakia mifuko na hema juu ya gari, baba akafunga kamba na kuzivuta kuona kama zimekaza. Mama akamwita Victor. Hakuitika. Aurelia aliingia chumbani, akamkuta ametapika kitandani. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumwangalia mtu. Kisha mikono na miguu yake ikaanza kutupatupa.

"Mama! Mama, njoo!"

Mama alipiga kelele. Mjomba Florian alimbeba mtoto jinsi alivyo, na gari lililojazwa kwa ajili ya kaskazini likageuza kuelekea hospitali.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Wakati wauguzi wakidhibiti degedege la Victor na kumtafutia mshipa wa dripu, aliuliza, "Homa imeanza lini?"

"Leo asubuhi," mama alijibu. "Jana alikuwa mzima kabisa. Nilimgusa mwenyewe."

Daktari aliandika. Aurelia alisimama ukutani. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Victor hakuweza kusema.

"Si leo," alisema.

Wote walimgeukia.

"Ameanza siku nyingi. Jumatatu. Nimekuwa nikimpa panado, asubuhi na jioni, ili... ili safari isife."

Baba alikaa kwenye benchi kama mtu aliyesukumwa. Daktari peke yake ndiye aliyesogea karibu.

"Ametapika siku nyingine? Mkojo wake ulikuwa wa rangi gani? Dawa ya mwisho umempa lini?"

Aurelia alijibu kila swali, akilia. Daktari akamwambia, "Vizuri umesema. Sasa tunajua tunashughulika na nini." Aliwageukia wazazi. "Tumempima. Ni malaria kali, imeshapanda kichwani. Panado inashusha homa, haiui malaria. Tutafanya kila tunachoweza."

Victor hakuzinduka siku hiyo wala iliyofuata. Gari lilikaa uani mwa hospitali na mizigo yake juu, watu wakipita na kuuliza wenyewe wanakwenda wapi. Mwishowe mjomba Florian alifungua kamba, akarudisha kila kitu nyumbani na kwenda Mkumbi kuvuna kahawa yake. Baba alitumia likizo yake yote kwenye benchi la wodi. Mama hakumpiga Aurelia wala kumgombeza. Alimwambia tu, "Lete uji," au "Chukua hizi nguo ukafue," bila kumtazama usoni, na hilo lilimuuma Aurelia kuliko fimbo.

Asubuhi moja Victor alifumbua macho, akaomba maji. Mama alipiga magoti pale pale sakafuni, akamshukuru Mungu. Baba alimwinamia. "Victor, mwanangu, unajisikiaje?"

Victor alimwangalia midomo. "Baba, mbona unanong'ona?"

Baba hakuwa akinong'ona.

Daktari alieleza kuwa maradhi yale yakichelewa huweza kuacha madhara. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilisikia kidogo, kwa mtu aliye karibu na anayesema kwa nguvu. Huenda lingeimarika, huenda lisingeimarika.

"Angeletwa mapema?" baba aliuliza.

Daktari alisita. "Wengi wanaoletwa mapema hupewa dawa za siku tatu na kurudi nyumbani wakicheza," alisema.

Jumapili bibi alipopiga simu na kumtaka Victor, mtoto aliibana simu kwenye sikio la kulia, akakunja uso. "Sisikii," alisema. "Bibi yupo?" Akairudisha. Aurelia ndiye aliyeipokea.

"Bibi, ni mimi niliyeficha," alisema.

"Baba yako ameniambia," bibi alisema. "Mtunze mwenzio. Mwakani mtakuja."

Hakukuwa na mwakani. Mwezi wa nane ndugu walipiga simu kutoka Mugumu: Bibi Vitalia aliugua kifua siku chache, akafariki dunia. Baba alikwenda kuzika peke yake, kwa basi. Alirudi amekonda.

Nyumbani mambo yalikuwa yakijipanga upya. Mwalimu wa Victor alimhamishia dawati la mbele, upande ambao sikio lake la kulia lingemwelekea. Kila jioni Aurelia alikaa naye kumrudia masomo, akitamka neno moja moja mbele ya uso wake. Wakati mwingine Victor alichoka, akamsukuma na kusema, "Wewe ndiye ulisema ninyamaze!" Aurelia hakujitetea. Alisubiri hasira ipite, wakaendelea.

Siku moja ya Septemba, wakiwa barazani na madaftari yao, baba alitoka na kuketi kwenye mkeka karibu nao.

"Baba," Aurelia alisema, "kama ningesema siku ile ya kwanza, tungekwenda?"

Baba alifikiri. "Sijui. Labda tungechelewa kidogo tukaondoka. Labda mjomba wako angehitaji gari lake, tusiende kabisa, na bibi yako angekufa bila kuwaona vile vile. Sitakudanganya kwamba ukweli ungetupa safari. Lakini Victor angekuwa anasikia."

Aurelia aliinamisha kichwa.

"Na mimi nina sehemu yangu," baba aliendelea. "Nilisema mtu akiugua safari imekufa. Niliwafanya muogope kuugua. Mzazi hapaswi kumwekea mtoto mtego wa namna hiyo. Nilitakiwa kusema, akiugua mtu aniambie, tutajua la kufanya. Kwa hiyo leo nasema, na mkumbuke hata mkiwa na watoto wenu. Homa haifichwi. Mgonjwa anapelekwa kupimwa, si kupozwa kwa vidonge vya sandukuni. Na jambo likiwa baya, liseme likiwa bado dogo, hata kama kulisema kutakuharibia unachokipenda kuliko vyote. Ulilisema hospitalini, mwanangu, na daktari anaamini lilisaidia kumwokoa. Ulikuwa na ujasiri huo. Ulichelewa kuutumia."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, uzi wa kushonea shingoni. Alikuja, akakaa nyuma ya Aurelia na kuanza kumfumua nywele, kama alivyokuwa akifanya zamani. Aurelia alihisi vidole vyake kichwani na machozi yakamtoka.

Victor alikuwa ameona midomo ya baba ikienda kwa muda mrefu. Alimvuta dada yake mkono.

"Baba anasema nini?"

Aurelia alijifuta uso. Alizunguka akakaa upande wa kulia wa mdogo wake, akasogeza mdomo karibu na sikio lake, na kwa sauti kubwa iliyofika hadi barabarani, akaanza kumrudia yote, neno kwa neno.