Tiketi Mbili za Shangazi Nasrin

Kila alasiri akitoka shule, Tahmina alipanda juu ya paa la ghorofa yao mjini Dhaka kugeuza chupa za achari zipate jua. Binamu yake Rakin, wa rika lake, alimfuata na gongo lake la kriketi.

Siku moja walikuwa na tiketi za ndege za shangazi yao, aliyekwenda Kolkata kutibiwa macho na kurudi.

"Ameondoka hapa saa mbili, kafika saa mbili na nusu," alisoma Tahmina. "Nusu saa tu!"

"Kipofu wewe! Soma ya kurudi. Saa nne mpaka saa tano na nusu. Saa moja na nusu!"

"Hesabu ulipata sifuri, leo unanifundisha mimi?"

Rakin alimsukuma. Chupa ya achari ikapasuka. Akamkamata nywele, akamgonga mdomo ukutani, damu ikamjaa Tahmina kinywani. Tahmina akajinasua, akalinyakua gongo, akampiga Rakin kwenye paji la uso. Rakin alipogeuka kukimbia, Tahmina akamwongeza la pili nyuma ya sikio. Rakin akaanguka juu ya vigae vya chupa.

Shangazi Nasrin alipanda mbio. "Kuna nini?"

"Ameteleza kwenye achari, shangazi," alisema Tahmina. "Mimi pia nimeanguka nikimshika."

Hospitalini daktari alishona jeraha la paji. Rakin alitapika, kisha macho yakaanza kumpinduka.

"Alijigonga wapi tena?" daktari aliuliza kwa ukali. "Nani alimwona?"

Tahmina alitazama viatu vyake. Akisema, baba yake atamvunja mbavu. Asiposema... Mkono wa Rakin ulianza kukakamaa.

"Nilimpiga mimi!" alipiga kelele. "Kwa gongo, mara mbili. La pili nyuma ya sikio!"

Daktari alipekua nywele, akagusa uvimbe uliojificha. Dakika hiyohiyo Rakin alikimbizwa chumba cha upasuaji. Baba yake Tahmina, aliyekuwa amefika hospitalini, alimnasa kofi moja. Alipoinua mkono tena, shangazi aliudaka.

Siku ya tatu Rakin alifumbua macho. Shangazi Nasrin akaketi kati yake na Tahmina.

"Saa ya Dhaka iko mbele ya saa ya Kolkata kwa nusu saa," alisema. "Tiketi huandika kuondoka kwa saa ya mji unaotoka, na kufika kwa saa ya mji unaofika. Kati ya miji hii ni kama kilomita mia mbili na arobaini. Nilikwenda kwa saa moja, nikarudi kwa saa moja."

Rakin alinong'ona, "Basi mimi nilikosea nusu saa tu."

"Na mimi nusu saa," alisema Tahmina, machozi yakimtoka. "Nisamehe, Rakin."

"Nawe nisamehe kwa mdomo wako."

Shangazi aliwashika mikono wote wawili. "Nilikuwa chini jikoni, nimetoka safarini jana yake. Mngeshuka mkaniuliza. Nyinyi mkaliuliza gongo, nalo halijui saa. Na wewe Tahmina, uongo wako ulikaribia kummaliza huyu. Ni ukweli wako uliomrudisha. Siku nyingine usiucheleweshe."