Sanduku la Bi Masijala

Mnisamehe mapema, kisa hiki nitakiharibu. Mimi ni mtu wa jukwaani, nimezoea watu wacheke kabla sijamaliza sentensi, na hiki hakina pa kuchekea. Kilimpata shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa barua pepe kwenye ofisi ya wafanyakazi mia tatu na kumi na wawili. Mtu mkimya huyo! Ukimsalimia Jumatatu, anaitikia Jumatano.

Jumamosi asubuhi, ofisi tupu, jua limejaa dirishani, akaweka toleo jipya la programu kwenye seva. Kazi ya saa mbili tu. Sasa, mafundi wana desturi yao: wakimaliza, hutuma barua ya majaribio kwenye sanduku ambalo mwenyewe hatalalamika. Shemeji alitumia la Bi Masijala, mama aliyetunza mafaili pale miaka ishirini, akafariki mwaka jana. Sanduku lake halikufutwa. Na ujumbe wa shemeji ulikuwa neno moja siku zote: "Upo?"

Safari hii alijibiwa.

"Nipo."

Akacheka, akijua ni utani wa wenzake. Akajaribu sanduku la mkurugenzi. Likagoma: linatumiwa na mtu mwingine. La mhasibu, hivyo hivyo. La kwake mwenyewe, hivyo hivyo. Yote. Akafungua kumbukumbu za seva amjue huyo mtu. Lilikuwa jina moja, la Bi Masijala, kutoka kompyuta moja, ya chumba cha masijala, mlango wa pili tu.

Akaenda. Kufuli ipo. Akachungulia kwenye kioo cha mlango. Meza ilikuwa tupu, kompyuta ilishaondolewa zamani.

Kiti kilikuwa kinazunguka. Polepole.

Akarudi mbio, akamwarifu mkurugenzi kwa simu, ndipo akanipigia mimi. Ananong'ona.

"Shemeji, mkurugenzi kasema yasipofunguka kufikia Jumatatu saa mbili, nitafute kazi kwingine."

"Si ulifute la huyo mama?"

"Naogopa. Kuna mtu anabonyeza vitufe. Upande wa pili wa ukuta."

Nami, kwa mdomo huu: "Mwambie akusaidie basi, ana uzoefu wa miaka ishirini! Futa, njoo ule."

Akafuta.

Vitufe vikanyamaza. Masanduku yote yakafunguka. Akashusha pumzi, akafungua la kwake kwanza. Barua mpya mia tatu na kumi na moja, moja kutoka kwa kila mwenzake.

Rambirambi.

Zote kwa familia ya marehemu. Marehemu ni yeye. Mkurugenzi kaandika kwa maneno yake makubwa makubwa, mlinzi kwa makosa yake ya herufi. Zote zina tarehe ya Alhamisi. Alhamisi hii.

Jumatatu wenzake wakaapa hawajui lolote. Kila mmoja akafungua barua alizotuma. Kila mmoja akaikuta yake.

Leo ni Jumatano. Shemeji yuko sebuleni kwangu, hali, halali. Daktari kampima kila kitu, hana hata mafua. Dada yake kamshika mkono tangu asubuhi, hataki kuuachia.

Mimi sifanyi kazi ofisi ile. Sanduku langu haliko kwenye seva yao. Lakini mchana huu nimefungua barua nilizotuma, nikaikuta moja ya kwenda kwa mke wangu. Tarehe ya kesho. Mistari sita ya pole, na humo humo vichekesho vitatu.

Nikamwapia mke wangu kwamba si mimi. Akaisoma yote, akanitazama.

"Hizo nyingine sijui," akasema. "Hii ni yako. Nani mwingine angetania msiba wa mdogo wangu?"

Nikaifunga ile barua haraka. Maana kile kichekesho cha tatu nilikitunga jana, kimoyomoyo, nikimtazama shemeji amekaa pale, na sijamwambia mtu.