Digrii ya Uuguzi Niliyoiendea Bila Barua

Nina miaka thelathini na nane, mama wa watoto wawili, na ni muuguzi. Naishi Manundu, Korogwe, chumba na sebule vya kupanga. Nawaandikia hasa wauguzi wenzangu, lakini hata wewe mwalimu au bwana shamba, soma tu... yatakufaa.

Miaka saba iliyopita nilikuwa muuguzi wa diploma, mwajiriwa wa serikali, katika kituo cha afya kimoja wilayani Handeni. Mshahara haukuwa mkubwa, lakini uliingia kila mwezi. Mimi nikataka digrii.

Ngoja niwaeleze utaratibu, maana wengi hawaijui hesabu yake. Mtumishi akienda kusoma kwa ruhusa ya mwajiri, mshahara wake unaendelea, na akirudi anabadilishiwa cheo. Hapo digrii inalipa. Akienda bila ruhusa, anahesabika mtoro. Atalipa ada, atakosa mshahara, na ajira itakufa. Chuo ni kilekile, masomo ni yaleyale... tofauti ni barua moja tu!

Kituoni kwetu aliruhusiwa mtu mmoja kila mwaka, kwa zamu. Mwaka ule zamu ilikuwa ya Sauda, muuguzi aliyenitangulia kazini. Tulikuwa tukila sahani moja. Lakini niliona nikimsubiri nitachelewa. Na hapa ndipo aibu yangu inapoanzia... nilimzunguka.

Mdogo wa mume wangu, nitamwita Rajabu, alikuwa karani katika ofisi inayopitisha ruhusa hizo. Nilimpelekea mbuzi wawili na gunia la mahindi. Akampapasa mbuzi mmoja mgongoni, akacheka.

"Shem, zamu ya huyo Sauda tunaichinja kama huyu! Wewe nenda chuo. Barua itakufuata."

Barua itakufuata! Mtu mzima, mwenye akili zangu timamu, nikapanda basi kwa maneno hayo. Sauda sikumuaga.

Shamba letu la mihogo kule Mkata tuliliuza kulipa ada. Mwezi wangu wa tatu chuoni mshahara haukuingia. Nikampigia Rajabu. "Ni mfumo, shem. Mfumo unasumbua nchi nzima." Mwezi wa nne, mfumo. Wa tano, mfumo... na sasa mfumo ulihitaji "soda kidogo". Nikatuma. Kila likizo alinipokea kwa bashasha, "Karibu madamu digrii!", akala nilichomletea, akajilamba vidole.

Mtauliza, kwa nini sikwenda kuulizia ofisini mwenyewe? Niliogopa! Ningeiuliziaje barua niliyoitafuta kwa mbuzi? Na shamba lilikuwa limeshauzwa. Niliona nikiacha chuo nitakuwa nimepoteza vyote.

Nilimaliza na alama nzuri. Nikarudi kazini nikitabasamu... jina langu lilikuwa limeshafutwa. Kwenye faili nilionyeshwa barua za kunitaka nijieleze, zote alipewa Rajabu anifikishie, kama ndugu. Ombi langu la ruhusa? Halikuwepo. Hakuwahi kuandika hata mstari mmoja!

Tukaitisha kikao cha familia. Rajabu alikuja, akaketi, akawa anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Wale mbuzi walikuwa zawadi ya shemeji kwa shemeji," alisema. "Kwani mimi ndiye niliyempandisha basi?"

Wazee wakacheka. Wakacheka! Wakasema yaishe, huyu ni damu yetu. Mume wangu akainamisha kichwa.

Kinyaa kilichonipata siku ile hakijanitoka. Rajabu akija kwetu hunyoosha mkono kunisalimia kama hakuna kilichotokea. Nampa wangu, kisha naenda uani kunawa kwa sabuni. Msinicheke, ndugu zangu. Ni kweli kabisa.

Tukahamia hapa Korogwe, nikazungusha vyeti vyangu katika zahanati za watu binafsi. Mwenye zahanati mmoja alikitazama cheti cha digrii, akanirudishia kwa heshima.

"Hongera sana, sista. Lakini sindano ya digrii na ya diploma si ni ileile? Mgonjwa wangu haniongezei hata mia."

Akanipa mshahara mdogo kuliko ule niliouacha Handeni. Nikaupokea. Watoto wangekula nini?

Siitukani elimu. Digrii imenifanya muuguzi bora, na hilo hakuna wa kuninyang'anya. Ila kwa upande wa mfuko, weka pamoja ada, shamba na mishahara ya miaka minne, kisha tafuta nilichoongezewa... hakipo!

Mwaka jana nilikutana na Sauda stendi ya Korogwe. Yeye alikwenda kusoma baada yangu, na barua yake mkononi, na leo ana cheo. Aliponikumbatia nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: zamu yake, mbuzi, Rajabu. Nilitegemea anitemee mate.

Sauda alishika kiuno. "We mwanamke! Mwaka ule si mama yangu alikuwa amepooza? Ningemwachia nani? Nilimwambia mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, siendi, zamu yangu apewe huyu mwenzangu. Tukakutafuta, umeondoka. Tukakupigia, unakata."

Nilizikumbuka zile simu. Niliziona zikiita, moja baada ya nyingine, nikazikata zote... nikidhani ananipigia kunisuta.

"Kwa hiyo nani alikwenda?" nilimuuliza.

"Hakwenda mtu. Nafasi ilikaa wazi mwaka mzima."

Wazi! Ilikuwa yangu, bure, na mshahara juu! Siku hiyo nilijionea kinyaa mwenyewe kuliko nilivyowahi kumwonea Rajabu. Yeye alikula mbuzi tu. Aliyemkimbia rafiki yake ni mimi.

Dada yangu, kaka yangu unayetaka kujiendeleza, soma, nakutia moyo! Lakini usitoke nyumbani kwa ahadi ya mdomo, hata ya ndugu. Uwe na barua yenye mhuri, uisome mwenyewe, kisha ndipo ukate tiketi. Na kama zamu ni ya mwenzako, usimzunguke. Mfuate, mwangalie usoni, umuulize. Nakusihi, muulize tu.