Faranga za Moroni, Faranga za Nosy Be

Rabiata alikuwa mtarizi wa vitambaa vya meza. Aliishi Nosy Komba, kisiwa kidogo cha Madagaska, ng'ambo ya kisiwa cha Nosy Be. Kila asubuhi alikaa mlangoni, kitambaa mapajani, akatarizi samaki, migomba na komba wenye mikia mirefu. Jirani zake wawili walimsaidia kushona pindo, naye akawalipa.

Mara mbili kwa mwaka alikuja Laïla, mfanyabiashara wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, akanunua vyote. Walizungumza Kikomoro, lugha ya wazazi wa Rabiata.

Mwaka 1980 kitambaa kimoja kilikuwa faranga elfu mbili. Sasa ilikuwa 1989, na bei ilikuwa elfu sita. Rabiata alijiona amepandisha sana. Hata hivyo mchele ulimshinda, na uzi ulimshinda zaidi. Hakuelewa fedha zilikuwa zinapotelea wapi.

Mwaka huo dada yake, Echa, alijifungua. Rabiata akapanda meli kwenda mji wa Mahajanga kumwona. Alipoingia nyumbani kwake, mtaa wa Antanimasaja, alisimama ghafla. Juu ya meza kulikuwa na komba wake wenye mikia mirefu.

"Hiki nimekitarizi mimi! Umekipata wapi?"

"Wifi yangu ameniletea zawadi," Echa alisema. "Alikinunua Moroni, dukani kwa Laïla. Faranga elfu nne."

"Elfu nne?"

"Elfu nne, dada. Aliniambia mwenyewe."

Rabiata alikaa chini. Laïla ananunua kwa elfu sita, anauza kwa elfu nne? Tena analipa nauli! Usiku huo hakulala vizuri. Maskini Laïla, aliwaza. Ananibeba kwa sababu ya urafiki, nami sina habari.

Asubuhi alimwambia Echa, "Nitashusha bei. Nitamuuzia elfu tatu, naye apate faida."

"Utakula nini? Na wale jirani zako utawalipa nini?"

"Sijui. Lakini siwezi kula hasara ya mwenzangu."

Faouzia, jirani wa Echa, alikuwa amekuja kumtazama mtoto. Alikuwa mfanyakazi wa benki. Aliposikia, aliweka kikombe chini.

"Dada Rabiata, hizo elfu nne ni faranga za wapi?"

"Faranga ni faranga."

"Zamani ilikuwa hivyo. Faranga yetu na ya Komoro zilikuwa sawasawa. Hamsini zetu zilipata faranga moja ya Ufaransa. Hamsini zao pia. Lakini tangu mwaka 1982 serikali yetu imeshusha thamani ya faranga yetu, tena na tena. Ya Komoro imebaki palepale."

"Mbona jina ni lilelile?"

"Jina lilelile, nguvu tofauti. Leo faranga moja ya Komoro inapata karibu tano zetu."

Rabiata alitikisa kichwa. Moja inakuwaje tano? Faouzia akafikiri kidogo.

"Sokoni unahesabu fedha kwa kipimo gani?"

"Kwa ariari."

"Ariari moja ni faranga ngapi?"

"Tano. Hilo kila mtu anajua."

"Basi, kwa mwaka huu, faranga moja ya Moroni ni kama ariari moja. Laïla anauza kwa ariari elfu nne. Hesabu sasa."

Rabiata alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena. "Faranga elfu ishirini!"

"Naye anakulipa elfu sita zetu."

Rabiata aliona aibu, kisha hasira, kisha hakujua anaona nini.

"Ana nauli, ana ushuru, na vitambaa vingine havinunuliwi," Faouzia alisema. "Usimgombeze. Lakini kila mkipatana, taja faranga za nchi gani. Na uliza benki kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo. Hiki cha leo hakitadumu."

Laïla alipokuja tena Nosy Komba, Rabiata alimkaribisha kama kawaida. Kisha akasema, "Kitambaa sasa ni faranga elfu kumi na mbili. Za Madagaska."

"Umepandisha mara mbili!"

"Kwa faranga za Moroni ni elfu mbili na mia nne. Wewe unauza elfu nne."

Laïla aliinama, akachezea ushanga wake. "Nilidhani unajua," alisema polepole.

"Sikujua."

Walivutana hadi adhuhuri, wakakubaliana elfu kumi na moja. Siku hiyo Rabiata aliwaongezea jirani zake malipo. Jioni nyumba tatu zilipika wali na samaki.

Miaka ikapita. Kila Laïla alipotaka kuja, Rabiata alivuka kwanza hadi benki ya Nosy Be kuuliza kiwango.

Mwezi wa pili mwaka 1994, Laïla alifika amechanganyikiwa. Alitupa mkoba wake sakafuni.

"Rabiata, nimeibiwa benki! Mwaka jana faranga yangu moja ilipata zaidi ya sita zenu. Leo wamenipa pungufu ya tano. Faranga ni zilezile, mkoba ni uleule!"

"Hukuibiwa," Rabiata alisema. "Mwezi uliopita Komoro nayo ilishusha thamani ya faranga yake. Zamani hamsini zenu zilipata moja ya Ufaransa. Sasa ni sabini na tano."

"Sielewi hata kidogo."

"Hata mimi sikuelewa." Rabiata akasogeza kitambaa, akampa nafasi mkekani. "Kaa hapa karibu nami. Toa vidole vyako, tuhesabu."