Kura Dhidi ya Wimbo Wetu

"Taa ya Mlangoniii! Pigeni Taa ya Mlangoni!"

Miwani alipiga kelele huku ameweka viganja mdomoni, na safu nzima ya mbele, wenye fulana nyeusi zilizopauka kwa kufuliwa, ikageuka kumtazama kama mtu aliyepiga chafya juu ya chungu cha jirani.

"Dada yangu," mmoja wao akamwambia kwa upole, "huo hawaupigi."

"Hawaupigi vipi? Si ndio wimbo wao?"

"Ndio wimbo wa redio."

Alilitamka lile neno redio utasema anataja ugonjwa.

Walimwita Miwani kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima watu macho, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa miwani hata ya jua. Aliyesimama kando yake, fundi wa lifti, mrefu, mpole, mwenye vidole visivyoisha grisi, alikuwa mchumba wake. Harusi ilikuwa mwezi ujao. Na pale jukwaani, chini ya jua la alasiri, walikuwa wazee wanne wenye mvi, na magitaa na ngoma zao: Radi Kavu, bendi ya roki iliyoanza kupiga kabla Miwani hajazaliwa.

Miwani alikuwa amekuja kwa wimbo mmoja tu. Siku Fundi alipokuja kupimwa macho, redio ndogo ya pale chumbani ilikuwa inapiga "Taa ya Mlangoni." Yeye akawa anaufuatisha kwa sauti ya chini, na yule mgonjwa akakosea herufi zote kwa kumsikiliza, kisha akasema, "Huu wimbo unanikosha roho." Basi. Kutoka hapo ukawa wimbo wao. Leo alivaa gauni la njano kwa ajili yake, na kazini alishawatangazia wote kwamba atarudi na video.

"Fundi, wanauacha kwa mwisho, eti?"

Fundi akajikuna shingo. "Tuone, mpenzi. Usikate tamaa."

Bendi ikaanza wimbo mwingine asioujua, mrefu kama foleni ya benki. Ndipo akatokea jamaa mmoja mwenye kipara na tumbo la heshima, akamkumbatia Fundi kwa nguvu. Huyo walimwita Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyeongoza kundi la mashabiki wa damu wa Radi Kavu.

"Shemeji!" akamgeukia Miwani. "Huyu bwana wako tumjengee sanamu! Ametuokoa!"

"Amewaokoa na nini?"

"Hujui? Bendi ilituuliza sisi wa kundini: safari hii tuache wimbo gani ili tupate nafasi ya nyimbo za zamani? Watu wote kimya, wanaogopa. Bwana wako akaandika peke yake, 'Acheni Taa ya Mlangoni, tumeuchoka.' Tukapiga kura, ikapita kama maji!"

"Mwenyekiti..." Fundi alisema, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno si ndege ulishike mkia.

Miwani aliuliza taratibu, "Wewe ndiye uliyeleta hoja?"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Nimekuuliza. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na mwezi mzima unaniona nashona gauni la njano."

"Nilitaka kukwambia."

"Na sasa hivi, sasa hivi hapa, umeniambia nisikate tamaa!"

Miwani akachukua mkoba wake, akapenya katikati ya zile fulana nyeusi, akaondoka. Nyuma yake gitaa lililia, watu wakashangilia, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Alikwenda kwa dada yake. Simu ikawa inatetemeka mezani kama nzi aliyefungiwa.

*Mpenzi umefika salama?*

*Naomba upokee.*

*Nimekosa. Sina la kujitetea.*

Miwani akajibu mara moja tu: *Kama uliweza kunidanganya kuhusu wimbo, niambie na kingine unachojifanya unakipenda.*

Dada mtu, mwalimu wa watoto wadogo, aliyezoea kuamua ugomvi wa penseli, alisikiliza kisa chote asubuhi ya Jumapili huku akimenya viazi.

"Kwa hiyo hana mwanamke mwingine?"

"Hana."

"Hajakupiga, hajakutukana?"

"Dada, si hivyo!"

"Nauliza tu. Maana ulivyoingia jana ukilia nilijua tayari tunarudisha mahari."

"Amenifanya mjinga mbele za watu."

"Hilo nalo ni kweli," Dada akakubali, akaweka kisu chini. "Hapo amekosa. Basi mwambie hivyo yeye, usiviambie viazi vyangu. Huyo hapo mlangoni."

Kweli, Fundi alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, fulana nyeusi ile ile ya jana.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Ingia. Mimi nimekumbuka nina kitu dukani." Dada akatoka bila pochi wala viatu vya kutokea.

Wakakaa, kila mmoja upande wake wa meza, viazi katikati.

"Sema," akaanza Miwani.

"Ule wimbo siupendi. Sijawahi kuupenda. Nimewaona Radi Kavu zaidi ya mara ishirini, na mara zote wakifika hapo, mwimbaji anauimba kama anayesoma bei ya nyanya. Amechoka nao. Sisi tunaowafuata tunamwona jinsi anavyochoka, tunamhurumia."

"Na siku ile, pale kwenye kiti changu? 'Unanikosha roho'?"

"Nilikuwa nakusikia wewe unauimba." Fundi alishusha macho. "Tena unauimba vibaya. Ubeti wa pili ulikuwa umeukosea wote. Nilichokipenda ni hicho. Sasa ningesemaje kwa mtu niliyemjua kwa dakika chache? Nikasema wimbo. Ukafurahi sana. Baadaye nikaona aibu kurudi nyuma."

Miwani alitaka kucheka, akajizuia. Alikuwa bado na lake.

"Sikia, Fundi. Wewe umewaona mara zaidi ya ishirini. Mimi nilikuja mara moja. Hiyo moja yangu ni ndogo kuliko ishirini zako?"

"Hapana."

"Nyinyi mnaojua kila kitu mnataka wawapigie mambo msiyowahi kusikia. Sawa, mmeshiba, mnataka kuonja kipya. Sisi wengine tumekuja na njaa ya kile kimoja tunachokijua. Tumelipa, tumevaa, tumesimama juani. Halafu mnatugeukia kama tumepotea njia. Na mtu wangu mwenyewe ndiye aliyefunga mlango!"

"Sikuliwaza hivyo," Fundi akasema. "Wallahi sikuliwaza. Niliwaza wimbo tu, sikukuwaza wewe umesimama pale. Na nilipokuona unashona, nikaogopa. Woga wangu ndio uliokuaibisha. Nisamehe."

Hakuongeza "lakini." Miwani aliingoja ile lakini, haikuja, na hapo kifua chake kikalegea kidogo.

"Na mimi nina jambo," akasema.

"Lipi?"

"Zile nyimbo zako ndefu unazoniwekea kwenye gari. Huwa unaniona nimefumba macho."

"Ndiyo. Unazisikiliza kwa hisia kabisa."

"Nalala."

"Unalala?"

"Fofofo. Safari ile ya kwa mama yako nililala mpaka nikaota."

Fundi alimkodolea macho. "Uliniambia gitaa limekutoa machozi!"

"Nilikuwa nimepiga miayo."

Kicheko kilichowatoka kilimrudisha Dada sebuleni bila kubisha hodi, akawakuta wameshikana mikono juu ya maganda.

"Hivi viazi vitamenywa na nani?" akauliza, akaendelea jikoni huku anatabasamu.

Siku ile ile bendi ilikuwa inapiga onyesho la pili na la mwisho. Fundi alikuwa na tiketi yake ya mbele, pua kwa pua na jukwaa.

"Nenda," Miwani akamwambia. "Nimekusamehe, sijasema uache kupenda unachokipenda."

"Twende wote."

"Mbele? Na wale watu wako? Hapana, asante."

Fundi akatoa simu, akampigia Mwenyekiti palepale, sauti ikiwa juu ili Miwani asikie.

"Mwenyekiti, nipe zile tiketi mbili za nyuma ulizowanunulia wapwa zako. Chukua yangu ya mbele."

"Za nyuma? Kule wanakokaa wala bisi?"

"Huko huko."

"Ndugu yangu, una homa?"

"Nina mchumba."

Mwenyekiti akasema kwa sauti ya mtu aliyejifunza jambo, "Mwambie Shemeji nimekosa. Mdomo wangu hauna breki."

Kule nyuma Miwani alikukuta kuzuri kuliko alivyodhani. Watu walitandika mashuka kwenye nyasi, watoto wakakimbizana, wanandoa wazee wakacheza polepole hata nyimbo wasizozijua. Mama mmoja alimwuliza kama Taa ya Mlangoni imeshapita.

"Hawaupigi," Miwani akamjibu, safari hii bila kuuma meno. "Ila kaa, wanapiga vizuri."

Na walikuwa wanapiga vizuri. Kwa kuwa hakungojea kitu, aliweza hata kusikia. Jua likaanza kulegea. Alipopata kiu, Fundi akaenda kupanga foleni ya soda, naye akamfuata kunyoosha miguu. Walikuwa wameshafika kwa muuzaji, Fundi ana chupa kila mkono, pale mpiga ngoma, mzee aliyekuwa hajaimba hata neno tangu jana, aliposogezewa kipaza sauti. Akapiga ngoma moja. Akanyamaza. Akapiga tena.

Fundi akaganda.

"Nini?" Miwani akauliza. "Fundi? Unaumwa?"

"Hapana... haiwezekani."

"Nini hakiwezekani?"

"'Dirisha la Kushoto.' Waliurekodi mara moja, kwenye kanda ya kwanza. Hawajawahi kuupiga mbele za watu. Kamwe." "Kaka yangu alikuwa na ile kanda. Nilipokuwa mdogo, baba akigombana na mama, Kaka alikuwa ananiwekea huu, mara kumi, mpaka nilale."

Miwani aliwahi kuongea na Kaka kwenye simu tu. Alikuwa mpishi wa melini, miezi yote yuko ng'ambo. Hakuwahi kuambiwa habari ya kanda. Akatazama kule mbele, mbali, wale wa fulana nyeusi wakirukaruka kama waliopewa habari ya mtoto.

"Kimbia! Nenda mbele! Nitakuwa hapa!"

"Siendi popote."

"Utaukosa!"

"Nausikia." Na machozi yakawa yanamtiririka, chupa mbili mkononi, hana hata mkono wa kujifutia.

Miwani akamnyang'anya zile chupa. "Mpigie Kaka basi! Fanya haraka!"

Simu iliita, iliita, ikapokewa. Masufuria yaligongana upande wa pili.

"Mdogo wangu, niko jikoni, kuna nini?"

Fundi aliinyanyua simu juu kabisa, mkono mrefu ule wa fundi wa lifti, kuelekea jukwaani. Sauti ndogo ya Kaka ikasikika juu ya vichwa vyao, ikipasuka:

"Ndio wenyewe! Ndio wenyewe! Zimeni hiyo feni huko, nyamazeni wote!"

Ubeti wa kwanza ulipita, wa pili ukapita. Miwani hakuelewa wimbo ule una uzuri gani. Mpiga ngoma alikuwa na sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Alimtazama mtu wake. Alikuwa hajawahi kumwona akiwa mdogo hivyo, na akajua kwamba leo ameonyeshwa chumba cha ndani, kile ambacho mgeni hafiki.

Wimbo ulipoisha, aliichukua simu.

"Shemeji, ni Miwani hapa. Nieleze, hayo maneno yanasema nini? Maana mimi sijaelewa hata moja!"

Kaka akacheka na kulia kwa pamoja. "Shemeji, hata sisi hatujawahi kuelewa! Tulikuwa tunaupenda tu hivyo hivyo!"

"Basi uje harusini unifundishe."

"Nakuja. Nimeshaomba ruhusa. Mwambie huyo anyamaze kulia, watu wanamtazama."

Wakakata simu. Muuzaji wa soda, ambaye foleni yake ilikuwa imesimama kumtazama mwanamume mzima akilia, aliwasukumia mirija miwili ya kunywea bila kusema kitu.

"Umenichoka?" Fundi akauliza, akijifuta kwa bega.

"Kidogo," Miwani akasema, akamshika mkono kuelekea kwenye nyasi. "Haya, twende tukakae. Na utazame chini, mume wangu, umenikanyaga gauni."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Fundi alisimama katikati ya njia, akamkanyaga tena.