Kilichoziba Mercedi ya Kiunga

Walianza kwa matusi. Kiunga alikuwa ameziba lango la kituo cha petroli na Mercedi yake kuukuu, siku ya soko, Embu nzima iko barabarani. Nelius, fundi wa AC za magari, alikuwa nyuma yake na mtungi wa gesi begani.

"We mzee, hilo ni gari ama kaburi? Toa!"

"Mzee ni babako," akajibu Kiunga, suti ya kijivu, jasho tiriri. "Kama wewe ni fundi kweli, nitengenezee AC uache kelele."

Akamtengenezea. Mapenzi hayana adabu, jamani. Haukupita muda, huyu fundi wa mtaa wa Dallas, Embu, na Kiunga, mwalimu wa Meru, wakawa wanapigiana simu mpaka betri zinazima. Nelius alikuwa na sharti moja tu: miraa hapana. Miraa ilikuwa imemfanya kaka yake Gachoki aache kazi, aache mke, aache hata kuoga. Kiunga akaapa hatatafuna tena.

Sasa ona Ijumaa hii, Kiunga anapiga simu.

"Mpenzi, AC imekufa tena. Niko njiani nakuja, nimeiva!"

"Usiniite mpenzi. Nani ameishika?"

"Kuna fundi wa Majengo ameongeza gesi kidogo tu..."

"Umepeleka gari kwa mwingine? Kiunga, njoo. Njoo tu!"

Alifika Dallas shati limemganda mgongoni. Nelius, ovaroli ya buluu na kilemba chekundu, hakumsalimia. Akawasha injini. Kompresa ilishika vizuri. Mipira ya gesi ilikuwa baridi kama barafu. Feni ilinguruma, lakini kwenye matundu ya dashibodi hakukutoka hata pumzi ya kuku.

"Gesi iko sawa. Gari lako limekosa hewa," akasema kwa ukali. "Fungua boneti."

"Hapo usiguse!"

"Eti?"

Kiunga alikuwa amechelewa. Chini ya kioo cha mbele, pale gari linapovutia hewa, Nelius alivuta furushi la majani ya migomba, akakata kamba kwa koleo. Miraa. Mbichi, nyekundu, imepangwa vizuri kama maua.

Akamtupia yote kifuani.

"Mwongo! Ulinitazama machoni ukaapa! Unataka nikufue na kukulisha kama Gachoki? Toka kwetu!"

"Sitafuni! Nelius, hiyo ni ncoolo, ni ya posa. Ni ya babako. Kwetu hatuombi msichana bila hiyo. Kesho nakuja na wazee."

"Babangu ni mzee wa kanisa, Kiunga! Umletee miraa? Anajua vile ilimfanya mtoto wake!"

"Mama alisema bila ncoolo posa si posa. Nikaificha hapo isikauke, na usinuse harufu ndani ya gari."

"Kwa hivyo ulipanga kuniaibisha kimyakimya."

Kiunga akainama, akaanza kuokota vijiti vumbini. Alimpenda huyu mwanamke kupita kiasi, na aliona anampoteza papo hapo mbele ya boneti.

"Nimekosa," akasema. "Nilimwogopa mama nikakusahau wewe. Lakini jua tu, kwetu anayefungua kamba ndiye amekubali posa."

"Nimefungua kwa hasira!"

"Hakuna mahali wamesema ufungue ukicheka."

Nelius alitaka kumpiga. Machozi yakamtoka kabla ya kofi.

"Sikia. Hiyo takataka rudisha Meru leo, umwambie mamako mimi ndiye nimeikataa. Kesho uje kwa babangu na blanketi na sukari, na umwambie ukweli wote. Hata hii ya leo."

"Atanifukuza."

"Akikufukuza utarudi. Na nikikuona unatafuna hata jani moja, mimi ndiye nitakufukuza, na hutarudi."

Kiunga akanyanyuka polepole, magoti yamejaa vumbi. "Kwa hivyo umekubali?"

"Nimekubali, mjinga wewe!" Akafunga boneti kwa kishindo mpaka majirani wakatoka nje kuchungulia. "Na bado nimekasirika. Ingia kwa gari uende."